Gari Lililotetemeka Likisimama

Nairobi hakuna mtu anayemwachia fundi gari akaenda zake. Unakaa papo hapo juu ya kiti cha plastiki au tairi kuukuu, unatazama mikono yake, na kazi ikiisha unadai vipuri vya zamani urudi navyo nyumbani. Wanasema usipokaa, gari litaingia na betri yake litoke na betri ya mwingine. Nimewauliza watu wengi, na sijampata aliyeibiwa betri hivyo. Kila mmoja ana shemeji wa rafiki yake. Hata hivyo nilikaa. Mama naye alikaa, msahafu mdogo mapajani, akisoma kimyakimya na kuinua macho kila fundi alipofungua kitu.

Kwa karatasi gari lilikuwa la baba. Kwa matumizi lilikuwa la mama. Baba ana duka la kanzu na vitambaa mjini na hupenda kwenda kwa basi, kwa sababu ndani ya basi, asema, hakuna anayemuuliza bei. Mama ni mwalimu wa Kurani. Miaka mingi alifundishia sebuleni kwetu Parklands, viatu vya watoto vikijaa mlangoni. Alipojifunza kuendesha gari, mvi zikiwa zimeshaanza, mambo yakageuka: sasa yeye ndiye aliyewaendea wanafunzi. Alipata watoto wa Loresho, nyumba tatu zilizopakana, na mara kwa mara alipigiwa simu na mama mmoja wa karibu na Adams Arcade aliyetaka wasichana wake wasomeshwe. Mama alikuwa akimjibu kwamba atafikiria, maana Ngong Road ilikuwa bado ikimtisha. Lakini alianza kuwa na maoni kuhusu barabara. Mezani alitueleza ni mzunguko gani una madereva wenye adabu na ni upi una washenzi. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akisema neno washenzi.

Tulikuwa kwa fundi siku hiyo kwa sababu gari lilikuwa likichelewa kuwaka asubuhi. Dawa yake plagi mpya, akasema, kazi ya muda wa kunywa chai. Alichomoa bomba kubwa la hewa lililomzuia mkono, akasukuma pembeni mipira kadhaa ya kupitisha hewa na maji, akatoa plagi nne za zamani na kutia mpya. Gari likawaka mara moja. Nikaomba za zamani.

"Sista, unataka kuzipika?" akaniuliza.

"Nataka kuziangalia."

"Utaona nini? Ni plagi."

Akazifunga kwa gazeti akanipa, akamgeukia mama. "Mwalimu, huyu wako angekuwa polisi."

"Tangu mdogo," mama akasema, akafunga msahafu.

Kesho yake mama alirudi kutoka Loresho akaketi kwenye kochi na baibui lake, hakulivua. Tulimwacha hadi alipomaliza kuswali magharibi, kisha akasema. Gari lilikuwa likitetemeka. Lilianza kwenye lango la nyumba ya kwanza, likitikisika kama mtu mwenye homa. Na pale barabara ya Loresho inapotoka kuingia Waiyaki Way, akiwa amesimama akingoja nafasi, likazima. Nyuma yake kulikuwa na lori. Dereva wa lori hakuwa na subira, na honi yake ilikuwa kubwa kuliko gari letu. Mama aliwasha mara ya kwanza, likakataa. Mara ya pili likakubali.

Baba hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua la kufanya, kwa sababu baba akipandisha sauti huwa hajaamua. Alisema polepole, "Gari la kukuzimikia mbele ya lori si gari tena. Liuzwe. Wanafunzi waje hapa kama zamani."

"Wa Loresho hawatakuja," mama akasema.

"Basi Mola atawaletea mwalimu mwingine."

Mama akaanza kukunja msala. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena kwa pembe nyingine. Sijui wengine wangeona nini katika hilo. Mimi niliona mtu anayetafuta jinsi ya kurudi kwenye sebule.

Baba alimpigia dalali wa magari anayemjua, wakakubaliana aje Jumapili baada ya adhuhuri.

Tulirudi kwa fundi. Alisikiliza injini ikinguruma, kichwa kimeinama upande, na akasema hiyo ni koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme. Alipogusa koili zote na kuona hazina lolote, akasema hapana, ni injini yenyewe.

"Hii engine imechoka, mwalimu. Tafuta ingine ya Japan, uweke, usahau."

"Imechoka lini?" nikamuuliza. "Juzi asubuhi ilikuja hapa haijachoka."

"Gari ni kama mtu. Mtu anaamka poa, jioni amelazwa."

"Na akilazwa daktari hamuulizi alikula nini?"

Akacheka, akafuta mikono. "Wewe ulisomea nini, sheria?"

"Takwimu."

"Ndio maana," akasema, na hadi leo sijajua alimaanisha nini.

Ukweli ni kwamba sikumwamini, na sikuwa na sababu nzuri ya kutomwamini zaidi ya hii: kila mtu alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa la ukubwa wa mfuko wa mwenye kulitoa. Fundi alitaka injini. Baba alitaka dalali. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee Mkamba aliyestaafu kazi ya serikali na anayeimba besi katika kwaya ya kanisa lake, alisema ni petroli mbovu na kwamba watu wa pwani kama sisi wananunua mafuta ya gari kama wanavyonunua ya taa. Na mimi nilichojua ni kwamba jambo lilianza baada ya plagi. Chuoni tulikaririshwa kwamba kitu kikija baada ya kingine si lazima kiwe kimeletwa nacho. Lakini pia si marufuku kiwe kimeletwa nacho. Hilo la pili hawakutukaririsha.

Jumamosi asubuhi nikaazima spana za jirani. Alizileta mwenyewe, akaja na kigoda chake, akakaa.

"Nyinyi gari likikohoa mnauza," akasema. "Mkiuza mke kwa mafua, mniambie pia."

"Mzee, kaa hivyo hivyo usinisaidie."

Kwanza nikatoa plagi mpya zote nikarudisha zile kuukuu za kwenye gazeti. Ilinichukua muda mrefu kuliko fundi, na nilichubuka kidole. Nikawasha. Gari likatetemeka vilevile, kwa hasira ileile. Nilifurahi sana, na jirani akashangaa kwa nini nafurahia gari bovu. Nikamweleza: kama kosa lingekuwa katika plagi mpya, sasa lingeondoka. Halikuondoka, basi plagi hazina hatia. Nikazirudisha mpya.

Kisha nikajaribu silinda moja moja. Nilizima, nikachomoa waya wa koili moja, nikawasha, nikasikiliza; nikazima, nikairudisha, nikachomoa ya pili. Kila nilipomnyima mmoja kazi, injini ilizidi kuyumba. Maana yake wote wanne walikuwa wakifanya kazi, hakuna aliyelala. Ugonjwa haukuwa wa mmoja. Ulikuwa wa nyumba nzima. Nyumba nzima inashiriki nini? Petroli na hewa.

"Nilisema petroli," jirani akasema.

"Ulisema mbovu. Tulijaza juzi baada ya kuanza kutetemeka, kituo kingine. Mbona haijapona?"

Akageuza kigoda kidogo ili jua lisimpige.

Mama alikuwa ameshuka na chai. Akasimama akatazama mashine iliyofunguliwa kama anavyomtazama mtoto aliyesahau sura aliyokuwa akiijua wiki iliyopita. Na hapo ndipo liliponijia jambo ambalo lilipaswa kumjia mtu yeyote. Fundi alizungumza na baba kwa simu. Baba alizungumza na dalali. Mimi nilizungumza na injini. Hakuna aliyemuuliza dereva.

"Mama, linatetemeka saa ngapi?"

"Likisimama."

"Likisimama tu?"

"Likisimama tu. Kwenye barabara kubwa linakwenda kama hariri. Nilimwambia baba yako. Akasema nisiendeshe kwa kasi."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya maegesho na chai yangu. Injini haina ubongo, lakini ina kifua. Gari likiwa limesimama na hujakanyaga mafuta, mlango wa hewa unakaribia kufungwa, nayo injini inavuta kwa nguvu kupitia upenyo mdogo, pumzi kwa kipimo. Tundu lolote nyuma ya mlango huo linaingiza hewa isiyohesabiwa, na kila silinda inapata mgao wa petroli usiolingana na pumzi yake. Ukienda kasi, mlango uko wazi, hewa inaingia tele, na tundu lile linakuwa si kitu. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliopasuka: ukinyonya taratibu unapata upepo mtupu, ukinyonya kwa nguvu na mdomo wote, maji yanapanda.

Kwa hiyo palikuwa na tundu. Nilimwambia mama hivyo, nikiwa na uhakika ambao sikuwa nao tangu nimalize chuo.

"Wapi?" akauliza.

Hilo ndilo lililokuwa swali. Chini ya boneti kulikuwa na mipira ya kila unene, mingine ikijificha nyuma ya vyuma. Nilishika niliyoweza kuifikia, nikaipinda, nikaitazama. Yote ilionekana nzima. Nilitega sikio nisikie mluzi, nikasikia injini. Jirani naye akatega sikio, akasikia njaa, akaenda kula.

Mama alipanda juu. Aliporudi alikuwa na chetezo, makaa mekundu ndani yake, na kipande cha udi mkononi.

"Mama, hapana."

"Kwani nimesema nini?"

"Najua utasema nini."

"Watu wameniona nikienda Loresho na kurudi, kila wiki, peke yangu, nikiendesha. Si kila jicho lina kheri, mwanangu. Nitalifukiza mara moja, na wewe uendelee na matundu yako."

Tungeweza kubishana hadi alasiri; tumewahi kubishana kuhusu husuda tangu adhuhuri hadi isha. Lakini niliogopa makaa zaidi ya husuda. Nilinusa kila mahali chini ya boneti kuhakikisha hakuna petroli inayovuja, nikamwomba asimame mbali na mashine, pembeni mwa taa ya mbele, na asikaribie zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeizima injini mama alipokuwa juu akiwasha makaa, ikapoa. Nikaiwasha tena, maana nilitaka kuisikiliza yeye akisoma dua yake. Ilikuwa bado baridi, feni haijaanza kuzunguka, na maegesho yetu yamezungukwa na ukuta. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kanga.

Mama akaweka udi juu ya makaa. Moshi ukapanda wima, mweupe, mnene. Akaanza kusoma. Akapepea kidogo kwa kiganja, nao moshi ukatambaa juu ya injini polepole, ukalala juu ya vyuma, ukapita bomba kubwa la hewa.

Kisha ukapinda.

Sehemu yake moja, utepe mwembamba, iliacha wenzake ikashuka chini nyuma ya bomba lile, haraka, kama uzi unaovutwa na mtu aliye upande wa pili wa kitambaa. Niliutazama ukizama. Mama akapepea tena, ukazama tena, palepale.

"Usiache," nikamwambia.

"Kusoma au kupepea?"

"Vyote."

Nikapitisha mkono nyuma ya bomba, pale nisipoweza kupaona, nikafuata baridi ya hewa kwa ncha ya kidole. Kulikuwa na mpira mdogo, mnene kama kidole chenyewe, umepinda kuingia kwenye chuma. Upande wake wa chini, mahali ambapo jicho lisingefika bila kioo, ulikuwa na mpasuko. Niliuhisi ukininyonya ngozi. Nikauziba kwa kidole.

Injini ikatulia. Haikupungua kutetemeka kidogo kidogo. Ilitulia kama darasa mwalimu anapoingia. Mama akaacha kusoma katikati ya neno. Nikaondoa kidole, homa ikarudi. Nikakirudisha, ikaondoka. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa ushahidi, kwa sababu sijawahi kuuliza dunia swali nikajibiwa waziwazi namna ile, na nilitaka kulisikia jibu tena.

"Umeona udi," mama akasema.

"Nimeona hewa ikivuta moshi."

"Na moshi ni wa nini?"

"Hata ungechoma karatasi, mama."

"Lakini sikuchoma karatasi."

Nilikuwa na furaha mno hata nisiendelee kubishana. Jirani alirudi akitafuna, akanikuta nikicheza na mama kwenye maegesho, chetezo kikifuka chini, akasema kwao wangepaka mafuta ya upako na kumaliza kazi bila kuvuta moshi. Kisha akaomba aonyeshwe, akaweka kidole chake mwenyewe, akatoa, akaweka. Uso wake ukawa wa mtoto.

Nilielewa ilivyokuwa. Mpira ulikuwa umekauka kwa uzee na joto. Fundi aliposukuma mambo pembeni ili afikie plagi, ukapinda mahali ambapo haukupindwa kwa miaka, ukapasuka upande wa chini. Plagi hazikuwa na kosa. Safari ya kuzifikia ndiyo iliyokuwa na kosa.

Nilikata kile kipande nikakitia mfukoni, nikaenda mjini kabla maduka ya Kirinyaga Road hayajafungwa. Pale huendi na maelezo, unaenda na kipande. Kijana wa kaunta alikigeuza mkononi.

"Niaje. Umetumwa na fundi gani?"

"Sijatumwa."

"Unaweka mwenyewe?"

"Naweka mwenyewe."

"Basi chukua na klipu, usirudi hapa Monday ukilia." Akanipimia mpira mpya kwa ule wa zamani, akakata kwa kisu, akaongeza klipu mbili za kuubana. Mpira mpya ulikuwa mweusi unaong'aa, laini kama nyoka mdogo.

Nikapita dukani kwa baba. Alikuwa akimkunjia mteja kanzu. Mteja alipotoka nikaweka kipande cha zamani juu ya meza, nikakipinda ili mpasuko ufunguke kama mdomo.

"Nini hiki?"

"Ndicho kilichozima gari."

Akakichukua, akavaa miwani, akachungulia ndani yake kama anayepima uzi wa kitambaa. "Kitu hiki?"

"Hicho."

"Fundi alisema injini."

"Fundi hakukiona. Hata mimi sikukiona. Mama ndiye aliyekionyesha." Nikamweleza habari ya kutetemeka likisimama, na ya moshi.

Aliposikia moshi alitabasamu, kisha akaacha. "Alinieleza kwamba ni likisimama," akasema. Akakizungusha kile kipande kidoleni. "Dalali anakuja kesho. Nimeshampa neno langu kwamba atalitazama."

"Kutazama si kuuza."

"Wewe," akasema, na akaanza kukunja kanzu nyingine ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Jioni ile niliweka mpira mpya kwa mwanga wa mwisho wa jua, klipu zikinitoa jasho. Nikawasha. Jirani aliweka gilasi yake ya maji juu ya bomba la hewa, na sote watatu, mama akiwemo, tukasimama tukitazama maji. Yalitikisika kidogo tu, kama maji ya gilasi yoyote katika jiji lenye barabara.

Dalali alikuja Jumapili, mtu mnene mwenye mkufu na kikohozi. Alikuwa amekuja kununua maiti. Alikuwa ameambiwa gari lina homa, na bei aliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa bei ya homa. Baba alimpa ufunguo. Dalali akawasha, akashuka, akaweka sikio. Akakanyaga mafuta, akaachia, akangoja litetemeke. Nalo likamngoja yeye.

"Hii ndiyo ile?" akauliza.

"Ndiyo ile," baba akasema.

Akalizunguka. Akagonga mlango kwa fundo la kidole. Akamvuta baba pembeni, lakini sauti yake haikuwa ya pembeni, na nilisikia bei ikipanda, kisha ikipanda tena baba aliponyamaza. Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi akiwa amevaa baibui, mkoba wa vitabu begani. Jumapili si siku ya Loresho. Nilikuwa sijui anakokwenda.

"Mzee, sema basi," dalali akasema. "Mimi na wewe hatujakosana."

Baba alinitazama mimi, akamtazama mama, akatazama boneti iliyo wazi. Ninajua ilivyo vigumu kwake kurudi nyuma neno akishalitoa, maana tabia hiyo nimeirithi kwake.

"Usiniulize mimi," akasema. "Gari ni la yule pale. Muulize mwenyewe."

Dalali akageuka kwenye ngazi, akavaa heshima. "Mama, shikamoo. Tunaongea bei."

"Marahaba, baba," mama akasema, akishuka. "Bei ya nini?" Alipita katikati yao, akafunga boneti kwa mikono yote miwili jinsi nilivyomfundisha, akamnyooshea dalali kiganja hadi dalali akampa ufunguo.

Akaingia, akawasha, akarekebisha kioo, akapiga simu gari likiwa linanguruma taratibu. Tulimsikia wazi. "Wa alaikumu salamu. Wasichana wako wako tayari? Ndiyo, leo. Hapo Adams, nitageuka kushoto au kulia? Hapana, usinitumie mtu, nitafika mwenyewe."

Baba akasogea dirishani. "Ngong Road?" akauliza. "Leo?"

"Jumapili haina magari mengi," mama akasema, akaachia breki. Gari lilisimama langoni likingoja mlinzi afungue, bila kutikisika, na mama akatoa kichwa nje akatutazama sisi sote, pamoja na dalali.

"Wali uko jikoni," akasema. "Pakueni."